Maswali ya Wasomaji: Chuo Kipi Kinamfaa Mchezaji Wangu wa Besiboli?

Barua tulizozipokea kwa ajili ya toleo hili karibu zote zinazunguka jambo moja, nasi tumeona heri safu nzima ilishughulikie. Kwa wale ambao hawajaicheza, MLB The Show 25 ni gemu ya besiboli iliyotoka Machi 2025, kazi ya San Diego Studio, na ndani yake mna sehemu iitwayo Road to the Show, ambamo unamuumba mchezaji mmoja tu na kumlea kuanzia sekondari hadi ligi kuu ya Marekani. Akimaliza sekondari njia inagawanyika: ama aingie moja kwa moja katika uteuzi wa wachezaji wapya wa timu za kulipwa, ama apitie chuo kwanza. Vyuo vilivyomo ni vinane: LSU (Louisiana State University), Vanderbilt, Tennessee, South Carolina, Texas, TCU (Texas Christian University), UCLA (University of California, Los Angeles) na Cal State Fullerton. Hapo ndipo wengi mnapokwama.

*Ndugu Mhariri, mchezaji wangu anapigia mkono wa kushoto na analinda besi ya kwanza (kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji). Ana nguvu nyingi, ila mara kwa mara anaukosa mpira kabisa. Nimepata mialiko ya vyuo kadhaa, kikiwemo LSU, na rafiki zangu wananihimiza nikichukue bila kusita kwa kuwa ndicho chenye jina. Je, jina la chuo lina faida yoyote?*
*— Mpigaji wa Kushoto*

Ndugu msomaji, jina la LSU halikuja bure. Chuo hicho cha Baton Rouge, Louisiana, kimetwaa ubingwa wa taifa mara 8, tano kati ya hizo zikiwa kati ya 1991 na 2000 chini ya kocha Skip Bertman, na nyingine 2009, 2023 na 2025. Katika uteuzi wa 2023 mrushaji wake Paul Skenes alichaguliwa wa kwanza na Pittsburgh Pirates, na mwenzake wa uwanja wa nje, Dylan Crews, akachaguliwa wa pili na Washington Nationals. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo wachezaji wa chuo kimoja wakashika nafasi ya kwanza na ya pili katika mwaka mmoja. Rafiki zako hawakukudanganya.

Lakini jina ni mali ya chuo, ilhali wewe unamtafutia mchezaji wako kile ambacho hana. Umesema mwenyewe kwamba nguvu anazo na kwamba mpira unampita. Nafikiri hali hii umeshaipitia mara nyingi: una straiki mbili (ya tatu hukutoa), mrushaji naye ni wa mkono wa kushoto, mpira unatoka mkononi mwake kama unaokuja katikati kabisa, unasogeza duara la kulengea, unabonyeza, na wakati gongo linapozunguka mpira umeshateleza kwenda nje, mbali na mikono yako. Ukimwongezea nguvu mchezaji wa namna hiyo, pigo ambalo halikugusa mpira litabaki kuwa pigo ambalo halikugusa mpira. Sifa ya kuuona mpira ndiyo inayoamua ukubwa wa duara lako la kulengea, na sifa ya kugusa ndiyo inayoamua mpira uliogongwa utaondoka vizuri kiasi gani. Kila chuo kina sifa zake kinazozikuza zaidi. Soma mialiko yako yote, uwe mtulivu, na uchague ule unaoziba pengo hilo hata kama kofia yake hukuipenda.

Nina neno moja zaidi kwako, kwa sababu barua yako ilinikumbusha mtu. Tennessee kiliwahi kuwa na mchezaji wa besi ya kwanza aliyepigia mkono wa kushoto kama wako, Todd Helton, ambaye chuoni alikuwa pia mrushaji na hata alicheza mpira wa miguu wa Kimarekani. Colorado Rockies walimchagua wa nane mwaka 1995, naye akawachezea maisha yake yote ya kulipwa. Mwaka 2000 wastani wake wa kupiga ulikuwa .372, yaani alifanikiwa karibu mara 37 katika kila 100, wa juu kuliko wote katika ligi yake, na alistaafu akiwa na mapigo 369 yaliyovuka ukuta. Huyo alikuwa na nguvu, lakini kabla ya nguvu aliugusa mpira. Mwaka 2024 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Cooperstown, linaloenzi magwiji wa besiboli, na mwaka huohuo Tennessee kikatwaa ubingwa wake wa kwanza wa taifa. Kama mwaliko wa Tennessee umo mezani mwako na unakupa unachokihitaji, mimi ningeuchukua kwa moyo mweupe.

*Mhariri, mimi napenda kurusha tu. Mpira wangu wa kasi ni mkali ila unakwenda unakotaka wenyewe. Niende Vanderbilt au UCLA? Na je, kanuni ya kuziba pengo inahusu pia warushaji?*
*— Mkono wa Moto*

Hapana, na nashukuru umeuliza, maana jibu la mpigaji likichukuliwa na mrushaji linaweza kumharibia. Mpigaji anakabiliana na kila kinachotupwa kwake, kwa hiyo udhaifu wake utatafutwa na utapatikana. Mrushaji ndiye anayeamua mpira upi utupwe na utupwe wapi. Anaweza kuishi muda mrefu kwa silaha moja kali na nyingine mbili za kawaida. Kwa sababu hiyo mrushaji ninamshauri aikuze kwanza silaha yake, mradi aweze kuupeleka mpira ndani ya eneo la straiki, yaani sehemu ambamo mpira usipopigwa huhesabiwa straiki.

Tatizo lako, hata hivyo, nadhani limo zaidi vidoleni kuliko katika sifa za mchezaji. Kama unatumia mtindo wa Pinpoint, ule wa kuchora umbo la kila mpira kwa kijiti cha kulia cha pedi, tazama unavyomaliza mchoro wako. Wengi huanza vizuri kisha wakaharakisha mwishoni, hasa mchezaji akichoka au wapinzani wakiwa wamejaa kwenye besi, na mpira unaondoka ukiwa juu ya bega la mpigaji. Fanya mazoezi ya umbo moja tu, la mpira wa kasi, hadi mkono uwe umelizoea, kabla hujahukumu kwamba mchezaji wako hana udhibiti.

Sasa kuhusu vyuo. Vanderbilt, cha Nashville, kinajulikana sana kwa warushaji: David Price alitoka huko akawa chaguo la kwanza la 2007, na Sonny Gray na Walker Buehler walipita mikononi mwa kocha huyohuyo, Tim Corbin. Juni 2019 Kumar Rocker, akiwa mwaka wake wa kwanza chuoni hapo, aliwarushia Duke mchezo mzima bila kuruhusu pigo hata moja la kuwafikisha kwenye besi, akawatoa wapigaji 19 kwa straiki tatu, na Vanderbilt ikaendelea hadi ikatwaa ubingwa wa mwaka huo, wake wa pili baada ya ule wa 2014. UCLA kilimtoa Gerrit Cole, chaguo la kwanza la 2011, na kikawa bingwa 2013. Kwa mrushaji wa kasi kama wako vyote viwili vina heshima, lakini mimi naegemea Vanderbilt, kwa sababu moja ya mchezo wenyewe: kipo katika SEC, kanda ya vyuo vya kusini mashariki mwa Marekani, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Kila bingwa wa taifa kuanzia 2019 hadi 2025 alitoka huko, ukiacha 2020 ambapo mashindano hayakufanyika. Mrushaji hujifunza mengi kwa wapigaji wanaomwadhibu akikosea.

*Mhariri wetu, mimi na mdogo wangu tunatumia pedi moja na mchezaji mmoja. Yeye anataka tuingie moja kwa moja kwenye uteuzi, anasema chuo ni kupoteza muda. Mimi nataka chuo. Tafadhali tuamulie.*
*— Dada Mkubwa*

Dada, sitaki niwe chanzo cha ugomvi nyumbani, kwa hiyo nitaanza na utaratibu wenyewe ulivyo huko Marekani. Kijana akimaliza sekondari anaweza kuchaguliwa na timu ya kulipwa mara moja. Akikataa na kujiunga na chuo cha miaka minne, kwa kawaida hawezi kuchaguliwa tena hadi amalize mwaka wa tatu au afikishe umri wa miaka 21. Chuo basi ni uamuzi wenye uzito: unafunga mlango mmoja kwa miaka kadhaa, ukitumaini kwamba utakapofunguka tena utakuwa mpana zaidi.

Kuna waliopanuliwa mlango huo. Gerrit Cole niliyemtaja alichaguliwa na New York Yankees mwaka 2008 akitoka sekondari, nafasi ya 28, akakataa, akaenda UCLA, na baada ya miaka mitatu akawa wa kwanza nchi nzima. David Price alichaguliwa na Los Angeles Dodgers katika raundi ya 19 mwaka 2004, akaenda Vanderbilt, akawa wa kwanza 2007. Raundi ya 19 kwa sasa ni karibu na mwisho kabisa, kwani tangu 2021 uteuzi una raundi 20 tu. Kwa upande mwingine, Mike Trout alitoka sekondari moja kwa moja mwaka 2009 akiwa chaguo la 25, na Julai 2011, akiwa na miaka 19, alikuwa tayari uwanjani katika ligi kuu. Mdogo wako hakukosea kusema kwamba njia hiyo ipo.

Ninavyoona, jambo la kuangalia ni makadirio mnayopewa kabla ya uteuzi. Kama mchezaji wenu anatarajiwa kuchaguliwa mapema, na ninyi mna hamu ya kuvunja rekodi zinazohitaji misimu mingi, kama vile jumla ya mapigo au idadi ya ushindi wa mrushaji, nendeni sasa, maana kila mwaka wa chuoni ni mwaka ambao haumo katika hesabu ya ligi kuu. Kama makadirio yanamweka mbali, au kama mnapiga mbizi katika gemu hii kwa mara ya kwanza, chukueni chuo. Mtapata nafasi ya kukosea mbele ya wapinzani wa kiwango cha chini kuliko wale wa ligi za kulipwa, na sifa alizoongezewa mtazihisi katika misimu yake ya mwanzo. Baadaye, kwa kadiri mnavyocheza na sifa zinavyopanda zenyewe, tofauti hiyo hupungua hadi isionekane. Nalisema hili wazi kwa sababu nimeona watu wakihesabu faida za vyuo kana kwamba mchezaji ataishi nazo hadi astaafu.

Barua yenu haikusema makadirio ni yapi. Yasomeni pamoja, kisha mwenye hoja yenye nguvu zaidi ashike pedi.

*Je, chuo nitakachochagua kinaniongoza kwenye timu fulani ya ligi kuu? Ninaitaka Atlanta Braves.*

Uteuzi wa kweli haufanyi kazi hivyo: timu huchagua kwa zamu, na mchezaji hana sauti juu ya nani atamwita. Dansby Swanson, mzaliwa wa jimbo la Georgia, alitoka Vanderbilt akawa chaguo la kwanza la 2015, na aliyemwita alikuwa Arizona Diamondbacks. Desemba ya mwaka huohuo alibadilishwa akapelekwa Atlanta, na mwaka 2021 akatwaa nao ubingwa. Chagua chuo kwa sababu za chuo, na suala la Braves uliache kwa baadaye.

*Mhariri mpendwa, nilichagua UCLA na sasa ninajuta. Mchezaji wangu hapigi kitu. Michezo minne, pigo moja. Nafikiria kumfuta na kuanza upya na chuo kingine. Unanishaurije?*
*— Aliyekata Tamaa*

Usimfute. Naandika hivi nikijua uchungu wa kutazama takwimu za namna hiyo kila mchezo unapoanza, kwani nimewahi kumfuta mchezaji kwa sababu hiyohiyo, na yule niliyemuumba baada yake alipiga vibaya vilevile, kwa kuwa aliyekuwa akishika pedi ni mimi.

Chuo ulichokichagua kina historia inayokuhusu moja kwa moja. Mwaka 1940 kijana mmoja wa UCLA alicheza besiboli msimu mmoja na wastani wake wa kupiga ukawa .097, yaani alifanikiwa chini ya mara 1 katika kila 10. Mwaka huohuo alikuwa bingwa wa vyuo wa kuruka chini, na alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa UCLA kukiwakilisha chuo katika michezo minne. Kwa yeyote aliyetazama takwimu pekee, besiboli ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko yote. Kijana huyo ni Jackie Robinson. Aprili 15, 1947 aliingia uwanjani akiwa na Brooklyn Dodgers, mchezaji mweusi wa kwanza wa ligi kuu katika karne ya 20, na mwisho wa msimu akatajwa mchezaji mpya bora wa mwaka. Mwaka 1949 wastani wake ulikuwa .342, wa juu kuliko wote katika ligi yake. Uwanja wa besiboli wa UCLA leo unaitwa kwa jina lake.

Michezo minne ni michache mno. Kabla ya kubadilisha chochote kingine, punguza ngazi ya ugumu kwa mchezo mmoja au miwili, na katika michezo hiyo usijaribu kupiga kila mpira. Acha mpira wa kwanza upite, hata ukiwa straiki, uutazame tu ulivyotoka mkononi na ulivyofika. Ukishaanza kutofautisha wa kasi na wa kupinda kabla haujafika nusu ya njia, rudisha ugumu ulipokuwa.

Zingatia pia gongo. Katika besiboli ya vyuo hutumika magongo ya aluminiamu na mengine yasiyo ya mti, lakini timu za kulipwa hutumia ya mti pekee. Gongo la mti ukiugonga mpira karibu na mkono linavunjika au linatoa pigo dhaifu lisilofika popote. Mazoea ya kuugonga mpira katikati ya gongo, ukiyajenga sasa ukiwa chuoni, hutalazimika kuyatafuta kwa shida baadaye.

*Ndugu Mhariri, mlinzi wangu ni mdogo wa umbo, mwepesi, na anadaka kila kitu. Moyo wangu uko Cal State Fullerton, lakini wote ninaocheza nao wamechukua LSU, Texas au Tennessee, na wananicheka kwamba nimekwenda chuo kisichojulikana. Nibadilishe?*
*— Glavu ya Dhahabu*

Usibadilishe, na wakikucheka waulize wanajua nini kuhusu 2004.

Fullerton ni chuo cha umma cha kusini mwa California, hakina fedha za Texas wala halaiki ya mashabiki wa LSU, lakini kimekuwa bingwa wa taifa mara 4: 1979, 1984, 1995 na 2004. Mara tatu za kwanza kocha alikuwa Augie Garrido, ambaye baadaye alihamia Texas akawapa ubingwa wa 2002. Mwaka 2004 walikutana katika fainali huko Omaha, Nebraska, mji ambao mashindano hayo yamefanyika tangu 1950: upande mmoja Garrido na Texas yake, upande mwingine wanafunzi wa chuo alichokijenga mwenyewe. Katika mchezo wa kuamua bingwa, awamu ya 7 kati ya 9, wawili wakiwa wameshatolewa, mdakaji Kurt Suzuki alipiga mpira uliomleta mwenzake nyumbani na kuwapa pointi, na Fullerton ikashinda 3 kwa 2. Suzuki alikuwa ameingia timu hiyo bila ufadhili, kwa kuomba tu ajaribiwe.

Na kuhusu ulinzi, ambao ndio uhai wa mchezaji wako, Matt Chapman alitoka Fullerton akawa chaguo la 25 la mwaka 2014, na hadi 2024 alikuwa ameshatwaa Gold Glove, tuzo ya ulinzi bora, mara 5 akilinda besi ya tatu. Sina mfano mwingine unaokufaa kuliko huo.

Jambo moja tu la kuzingatia ukiwa huko. Mlinzi mwepesi asiye na nguvu hujikuta akijaribu kuvusha mpira ukuta ili afanane na wenzake, na ndipo wastani wake unapoporomoka. Elekeza duara lako la kulengea juu kidogo ya ulivyozoea, upige mipira ya kwenda kasi kati ya walinzi, ukimbilie besi ya kwanza, na ukishafika pale anza kuhesabu hatua za mrushaji ili uibe ya pili, yaani uikimbilie kabla mpira haujapigwa. Pima kwanza anavyotazama nyuma: wengine hutazama mara moja tu kabla ya kurusha, na ukishamjua wa namna hiyo, ondoka mara tu uso wake unaporudi kwa mpigaji.